Somo: Hatua za kujikana nafsi na kupata nguvu za rohoni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Desemba inakaribia. Ndugu zetu wataanza kupanda kutoka Dar kuja Machame, Marangu na Rombo, na huku Moshi huo ndio msimu ambao nafsi hunenepa: gari la nani, nyumba ya nani, nani kachinja nini. Ndiyo maana naleta somo hili sasa.

Andiko letu ni Luka 9:23. Mathayo na Marko nao wameandika habari ya kujikana na kujitwika msalaba, lakini Luka peke yake ndiye aliyeongeza "kila siku". Kwa hiyo jambo hili halimaliziki kwenye mkesha mmoja.

Hatua ya 1. Tafuta panapokuuma. Wiki hii ulinuna wapi? Hukutajwa kwenye shukrani? Hukuchaguliwa mzee wa kanisa? Hapo ndipo nafsi ilipo. Paandike.

Hatua ya 2. Lipeleke jambo hilohilo mbele za Mungu. Usiishie kusema "Bwana, nipe unyenyekevu". Sema: "Bwana, natamani mno kusifiwa na mama mkwe. Nakukabidhi tamaa hii."

Hatua ya 3, na hapa ndipo kazi ilipo. Tenda jema ambalo halitajulikana ni lako. Baada ya ibada, sadaka za mazao zinaponadiwa, nunua mkungu wa ndizi kwa bei nzuri, umfikishie mjane, usimwambie hata mwenzako wa jumuiya. Ulimi utakuwasha, vumilia. Anayeishi kwa kupigiwa makofi ni mateka wa wapigaji. Siku wakinyamaza, anaanguka. Aliyeachilia sifa hana cha kunyang'anywa, na nguvu aliyokuwa akiimaliza kulinda jina lake sasa anaombea na kutumikia. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uliomtesa mwilini umtoke, akajibiwa kwamba uweza wa Bwana hutimilika katika udhaifu (2 Wakorintho 12:8-9).

Hatua ya 4. Ukisemwa vibaya, usijibu hadi kesho yake.

MASWALI

Mama, Kiboriloni: Mtumishi, mume wangu ananipiga. Nikisema, naambiwa nijikane.

Jibu: Pole sana, mama. Waliokuambia hivyo wamelipotosha Neno. Yesu alisema hakuna amwondoleaye uhai wake, anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Kujikana ni kutoa kwa hiari, wewe unaumizwa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, umweleze na mchungaji. Usingoje.

Kijana, Majengo: Kaka amesogeza mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Nimwachie?

Jibu: Hapana. Wapelekee wazee wa ukoo, ikishindikana nenda Baraza la Kata. Dai mpaka wako, ila usitamani kaka yako aaibike.

Dada, Pasua: Nimefunga na kuomba, mbona sioni nguvu?

Jibu: Mpendwa, wenzako kazini walijua umefunga? Kama walijua, soma Mathayo 6:16-18, ufunge tena wasijue, kisha rudi utueleze.