London hadi Nairobi: kilomita 6,840, lakini safari yako ni ya saa ngapi?

Kutoka Heathrow hadi Jomo Kenyatta ni kama kilomita 6,840 kwa njia fupi kabisa, na ndege ya moja kwa moja huchukua saa nane na nusu hadi tisa. Njia hiyo fupi hukatiza Misri na Sudan. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, mashirika mengi yanaikwepa anga yake na kuzunguka pembeni, kwa hiyo usishangae safari ikiwa ndefu kuliko ulivyozoea.

Ukibadilisha ndege Addis Ababa, jumla hufika kama kilomita 7,080, maana mji huo uko karibu na njia yenyewe. Kupitia Doha ni kama 8,600. Ila kinachokula muda zaidi ni kusubiri. Tiketi ya bei nafuu inaweza kukulaza kwenye viti vya uwanja usiku kucha. Kijana ataistahimili, mama mwenye magoti mabovu, au mzazi mwenye mtoto mchanga, mkatieni ya moja kwa moja hata kama familia italazimika kuchanga.

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo watu wengi hujichanganya. Tiketi huandika saa za mahali ndege ilipo: ya kuondoka ni ya London, ya kufika ni ya Nairobi. Kenya haibadilishi saa mwaka mzima, Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kipindi cha baridi Nairobi iko mbele kwa saa tatu, kipindi cha joto kwa saa mbili. Tuseme ni Januari, tiketi inasema kuondoka 10:20 na kufika 22:00. Ukitoa tu, unapata saa 11 na dakika 40. Punguza zile tatu, zinabaki saa nane na dakika 40, nazo ndizo utakazokaa angani. Wakati wa kurudi ongeza badala ya kupunguza.

Hatari kubwa zaidi ni ndege za usiku wa manane. Tuseme mama anakuja London kutoka Nairobi, na tiketi yake imeandikwa Jumamosi 00:20. Nyumbani wataisoma kuwa saa sita na dakika ishirini usiku, Jumamosi, wamwandae Jumamosi jioni, na ndege itakuwa imeshatua London tangu asubuhi! Mpigie simu, usimtumie picha ya tiketi peke yake. Mwambie hivi: “Mama, ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Ijumaa saa tatu usiku uwe uwanjani.” Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake.

Kwa anayeendelea Dar es Salaam, kutoka Nairobi ni kama kilomita 670, zaidi kidogo ya saa moja angani. Mkatie safari yote kwenye tiketi moja. Akiwa na tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halilazimiki kumsubiri wala kumpa kiti kingine bure, na huenda akalazimika kuchukua mizigo yake na kuikabidhi upya. Kama tiketi mbili haziepukiki, mwachie angalau saa tano katikati.