Kukinga Nyasi za Bustani Zisiunguzwe na Mkojo wa Mbwa

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani wa hapa Arusha, ambaye bustani yake ilikuwa imejaa mabaka ya manjano na alikwisha kushauriwa anunue chokaa. Chokaa haihitajiki, wala majivu, wala magadi. Mkojo wa mbwa hauunguzi nyasi kwa sababu ya asidi, bali kwa urea na chumvi nyingi zinazomwagika kwa pamoja mahali padogo. Urea hiyo, itokanayo na protini anayokula mbwa, ni ileile inayouzwa madukani kama mbolea yenye naitrojeni asilimia 46, na kila mkulima anajua yanayoupata mche uliorundikiwa mbolea hiyo shinani. Majivu na magadi huongeza chumvi juu ya chumvi.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba tatizo ni mkojo. Baka lake huwa la mviringo, limekauka katikati, na mara nyingi limezungukwa na nyasi za kijani kilichokoza, kwa kuwa pembeni naitrojeni imefika kwa kiasi kinachoufaa mmea. Vuta nyasi zilizokauka: zikiwa bado zimeshika udongo, endelea na mwongozo huu, zikinyanyuka kama mkeka, huenda mizizi imeliwa na wadudu wa ardhini.

Hatua ya pili ni maji. Mwagia mahali hapo mara tu mbwa anapomaliza, kwa maji yasiyopungua mara tatu ya mkojo. Ukichelewa saa chache bado utaokoa kitu, lakini nyasi zikishageuka manjano umechelewa. Mimi hutumia keni ya kumwagilia iliyojazwa mapema, kwa sababu mpira hautegemeki siku ambayo bomba halitoi maji.

Hatua ya tatu, yaani kumzoesha mbwa mahali pake pa kukojolea, ndiyo inayookoa bustani na ndiyo inayowashinda wengi. Katika nyumba nyingi mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa, kisha hufunguliwa jioni ili alinde. Anapotoka amebana mkojo kwa saa nyingi, hivyo ni mwingi na umekolea, naye huumwaga kwenye nyasi za kwanza anazozifikia. Kwa hiyo mkojo wa kwanza baada ya kufunguliwa ndio unaopaswa kuuwahi kuliko mwingine wowote.

Tenga eneo la mita 2 kwa 2 karibu na banda, uling'oe nyasi na kulijaza mchanga wenye kokoto ndogo. Usimwage zege, kwani mkojo utatuama na kunuka. Wala usichague mahali ambapo maji hutiririkia kwenye nyasi. Kwa dume, chomeka kigogo, kwa maana dume aliyekomaa hupenda kunyanyua mguu kwenye kitu kilichosimama. Jike huchuchumaa na kumaliza mkojo wote mahali pamoja, na dume mchanga hufanya vivyo hivyo; ndiyo maana mabaka yao huwa makubwa zaidi.

Kila jioni mvike kamba akiwa bado bandani, mpeleke moja kwa moja, usimame naye kimya. Akishakojoa, mpe kipande cha nyama palepale, kisha umwachie. Ukimpa baada ya kurudi mlangoni, atajifunza kwamba analipwa kwa kurudi. Asipokojoa, mrudishe bandani kwa muda mfupi ujaribu tena. Usimpige akikosea, maana atajifunza kukojoa mbali na macho yako, na hutaweza kuwahi na keni. Mwalimu wa kweli hapa ni yule anayefungua banda, awe mlinzi au dada wa nyumbani; wakipokezana, wote wafuate utaratibu uleule, hata usiku wa mvua. Mbwa mzima anaweza kuhitaji wiki kadhaa.

Hatua ya nne: hakikisha ana maji safi wakati wote, na ongeza maji kwenye ugali wake. Usimtilie chumvi ili anywe zaidi, wala usimpe vidonge vya kubadili mkojo au kumpunguzia protini bila kumuuliza daktari wa mifugo. Figo na kibofu cha mbwa vina thamani kuliko nyasi.

Hatua ya mwisho ni kuponya mabaka. Lowesha udongo kwa maji mengi, ondoa nyasi zilizokufa, kisha panda vipande vya nyasi zinazotambaa kutoka upande wenye afya. Ukoka na nyasi za Kikuyu hujaza nafasi haraka, hasa ukipanda masika, kati ya Machi na Mei. Usiweke urea wala CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, kwa kuwa naitrojeni tayari imezidi hapo. Funika kwa matawi ya miiba ili mbwa asipakanyage, na usiyaondoe hadi vipande hivyo vishike mizizi.