Somo: Mark II yenye 1G-FE, tuifunge turbo au tuweke 1JZ?

Wakuu, mwenye Toyota Mark II ya GX100 au GX110 akichoka kupitwa mlimani hupewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema afunge turbo (feni inayosukumia injini hewa) kwenye injini yake hiyo hiyo ya 1G-FE, na wapo wanaosema aitoe, aweke 1JZ-GTE, injini ya Toyota iliyotoka kiwandani na turbo. Nimefanya kazi zote mbili, kwa hiyo nasema msimamo wangu mapema: turbo ya presha ndogo kwenye 1G-FE nzima inawezekana. Lakini kuipasua 1G-FE ili kuiwekea pistoni na konekting rodi za kuagiza ni kupoteza hela. Ukifika hapo, badilisha injini.

Hatua ya 1: Ijue injini yako

1G-FE ina silinda 6 za mstari, cc 1,988. Kipenyo cha silinda ni mm 75 na mwendo wa pistoni ni mm 75. Toleo la VVT-i (lenye valvu zinazobadilishiwa muda wa kufunguka) lililoanza 1998 lina nguvu za farasi 160, na kompresheni yake, yaani kiasi pistoni inavyobana mchanganyiko wa hewa na petroli, ni 10 kwa 1. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayoamua mambo mengi.

Sasa tazama 1JZ-GTE ya VVT-i iliyoanza 1996: cc 2,491, kompresheni 9 kwa 1, farasi 280, na nguvu ya kuvuta Nm 378 ikiwa kwenye mizunguko 2,400 tu. Kompresheni hiyo imeshushwa makusudi. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya silinda, kisha pistoni inaibana tena. Hewa ikibanwa sana inapata joto kali, na sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu kuanzia kwenye plagi. Utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Mlio huo ukiendelea, pistoni inavunjika kingo na ringi zinakatika, wakati mwingine kwa safari moja tu.

Hatua ya 2: Pima kabla hujanunua chochote

Pasha injini moto, toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, pima kompresheni silinda moja moja. Silinda zikipishana kwa zaidi ya psi 14 (psi ni kipimo cha presha), acha habari ya turbo. Pima pia presha ya oili, na angalia kama rejeta inapungua maji bila kuvuja nje. Injini iliyochoka ikifungwa turbo inakufa haraka zaidi, haipati ujana.

Hatua ya 3: Ukichagua turbo, anza na psi 6

Hewa ya kawaida usawa wa bahari ina psi 14.7. Ukiongeza 6 unapata 20.7, yaani kama mara 1.4. Kwenye karatasi farasi 160 wanakuwa 225, ila joto na msukumano wa eksozi hula sehemu yake. Tegemea kama 200, ushukuru.

Vitu vya lazima: turbo ndogo, manifoldi ya eksozi ya chuma kinene, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), pampu ya petroli yenye nguvu, nozeli kubwa zaidi, na kompyuta inayoweza kupangwa. Nozeli za kiwandani hazina akiba ya asilimia 40, na kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya 1G haikuandikwa kwa ajili ya presha. Anayekuambia turbo itafanya kazi na kontrol boksi ile ile, mwulize nani atalipa injini ikitoboka pistoni.

Bomba la oili linalorudi kutoka kwenye turbo nalisisitiza sana, kwa sababu mafundi wengi hulipuuza. Oili inarudi kwa kushuka yenyewe, haisukumwi. Bomba liwe pana, literemke bila kupinda juu, na liingie kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Likiwa jembamba, oili inajaa ndani ya turbo na inapenya kwenye sili. Gari linatoa moshi wa buluu, na turbo nzima inatupwa kwa kosa la bomba.

Hatua ya 4: Kupanga mafuta na moto

Hapa usibane hela. Weka kipimo cha uwiano wa hewa na petroli kwenye eksozi. Gari likitembea polepole kipimo kisome karibu 14.7 (sehemu za hewa kwa 1 ya petroli), turbo ikisukuma kishuke kati ya 11.5 na 12. Moto wa plagi urudishwe nyuma, yaani ucheleweshwe: kwa kuanzia, digrii 1 kwa kila psi 1, kisha fundi arekebishe akiwa anasikiliza ule mlio wa kokoto kwenye injini. Kazi hii ifanywe kwa petroli utakayoitumia kila siku.

Hatua ya 5: Ukichagua 1JZ-GTE

Nunua seti kamili: injini, gia boksi, waya, kontrol boksi, intakula na mabomba yake. Gia boksi ya 1G usiitegemee. Seti ambayo waya zake zimekatwa kwa panga pale bodini iache. Utalipa fundi umeme zaidi ya ulichookoa. Zungusha injini kwa mkono, fungua kifuniko cha oili uone kama kuna matope, na shika mhimili wa turbo: kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kuingia na kutoka hapana. 1JZ-GTE ya zamani yenye turbo mbili za CT12A ina magurudumu ya kauri, hivyo usiipandishie presha.

Injini kutoka Toyota Soarer au Crown, linganisha sampo na mikono ya maunti (vishikizo vya injini) kabla ya kulipa. Ya JZX100, yaani Mark II iliyotoka na 1JZ, ndiyo inayokaa vizuri kwenye GX100. Ikiwa bado iko chini, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili. Kisha andaa propela shafti, rejeta kubwa, na breki. Farasi 280 juu ya breki za gari la 160 ni hatari kwako na kwa watu walio barabarani.

Hatua ya 6: Karatasi

Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ikibadilika, Tanzania nenda TRA (mamlaka ya mapato), Kenya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani). Hifadhi risiti na nyaraka za forodha za injini, na bima nao waambie.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mdau wa Morogoro:* Mkuu, nikiweka gasketi nene ya hedi si kompresheni inashuka?

*Jibu:* Inashuka, ila piga hesabu. Silinda moja ni cc 331. Kutoka 10 kwa 1 hadi 9 kwa 1 unahitaji nafasi ya cc 4.6 zaidi, ambayo kwenye kipenyo cha mm 75 ni unene wa karibu mm 1. Ni mwingi. Pistoni inabaki mbali na hedi, mchanganyiko hauvurugwi vizuri, na ule mlipuko unaoukimbia unaweza kurudi. Kwa psi 6 acha gasketi ya kawaida, tunza moto na petroli.

*Mdau wa Nairobi:* Yangu ni 1JZ-GE, haina turbo. Si ni injini ile ile?

*Jibu:* Ni ndugu, kaka, lakini GE ya VVT-i ina kompresheni ya juu kuliko GTE. Masharti ya Hatua ya 3 na 4 yanakuhusu yote. Faida yako ni kwamba GTE ikipatikana baadaye, maunti zimeshakaa.

*Mdau wa Arusha:* 1JZ-GTE itavumilia petroli yetu?

*Jibu:* Japani ilitengenezewa petroli ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani 96 au zaidi. Weka ya oktani kubwa kuliko zote unazopata, na presha ibaki ya kiwandani.

*Dada wa Mbeya:* Shikamoo fundi. Mimi nabeba watoto na mizigo ya duka, nataka tu gari lisichoke kwenye mlima wa Kitonga. Nichague ipi?

*Jibu:* Marahaba dada. Usichague yoyote kwa sasa. Kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, kama huko kwenu Mbeya mjini, hewa ina presha pungufu kwa karibu asilimia 18, na injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Hilo si ugonjwa. Fundi aangalie plagi, koili, chujio la hewa, presha ya pampu ya petroli, oili ya gia boksi, na kama eksozi imeziba. Mengi hujificha hapo. Akimaliza, panda Kitonga na mzigo wako wa kawaida, kisha uniandikie gari limefikaje.