LPA ya mzazi: ifanyeni akiwa bado anajisemea

Mama yangu anaishi Leicester, Uingereza, ana akili timamu na simu za benki anapiga mwenyewe. Huo ndio wakati wa kuandika hati ya uwakilishi wa kudumu (lasting power of attorney), ambayo huku wote tunaiita LPA: hati inayowaruhusu watu aliowachagua mwenyewe kuamua kwa niaba yake. Kwa sheria ya England na Wales, kuwa mke, mume au mtoto hakukupi ruhusa ya kugusa akaunti ya mtu aliyepoteza uwezo wa kuamua. Asipokuwa na hati, familia huomba mahakama ya Court of Protection iteue msimamizi, na njia hiyo ni ndefu, ina gharama, na anayeteuliwa huenda asiwe yule ambaye mzazi angemtaka.

Hati ni mbili na kila moja ina fomu yake. Ya fedha na mali inaweza kutumika hata mzazi akiwa mzima, akiruhusu mwenyewe. Ya afya na matunzo haifanyi kazi mpaka awe hawezi tena kujiamulia. Wengi wanajaza ya fedha tu. Mimi nasema jazeni zote, maana nyumba ya wazee haimuulizi mtu wa benki nani amwogeshe mama.

Kabla ya fomu, kaeni mzungumze. Mama aliuliza moja kwa moja: "Kwa hiyo nimewapa nyumba?" Hapana. Mali inabaki yake, nasi tunabanwa na sheria kutenda kwa faida yake tu. Kisha akachagua wawakilishi, mimi na kaka yangu, na akaamua tuweze kufanya kazi pamoja au kila mmoja peke yake. Hapo pasomeni polepole. Mkiandikwa kuamua kwa pamoja tu, mmoja akifariki au akijitoa, hati inaweza kukwama nzima. Na awepo mwakilishi wa akiba.

Sehemu ya matakwa ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Mama alitaka chakula cha halali, mwanamke wa kumwogesha, na mtu wa kumsemesha Kiswahili hata siku Kiingereza kitakapompotea. Tuliyaandika kama mapendekezo, si maagizo, kwa sababu agizo lililoandikwa vibaya linaweza kuzuia usajili. Kuna pia swali la matibabu ya kurefusha uhai: nani aamue, wawakilishi au madaktari? Mwacheni ajibu mwenyewe, hata akinyamaza muda mrefu kwanza.

Lililotupa kazi zaidi ni pesa ambazo mama humtumia mama mdogo aliyeko Tanga kila mwezi. Mwakilishi anaruhusiwa kutoa zawadi za kiasi, kama za Idi au harusi. Kumtunza ndugu mwezi hadi mwezi ni jambo jingine, na huenda likahitaji kibali cha mahakama. Kwa hilo tulimlipa mwanasheria, na ningelipa tena.

Mthibitishaji, yaani mtu anayetia sahihi kwamba mzazi anaielewa hati na hajashinikizwa, asiwe ndugu wala mwakilishi. Awe mtu anayemfahamu mzazi kwa miaka miwili au zaidi, au mtaalamu kama daktari au mwanasheria. Wetu alikuwa jirani anayejua Kiswahili. Sisi watoto tulitoka sebuleni, akamwomba mama aeleze kwa maneno yake hati inafanya nini na kama kuna aliyemshinikiza. Msibaki ndani mkimjibia.

Sahihi zina mpangilio: mzazi kwanza mbele ya shahidi, kisha mthibitishaji, halafu wawakilishi mbele ya shahidi wao. Mkiruka, fomu hurudishwa. Ofisi ya Office of the Public Guardian husajili, na ada hulipwa kwa kila hati. Mwenye kipato chini ya pauni 12,000 kwa mwaka anaweza kuomba kulipa nusu, na baadhi ya wanaopokea ruzuku za serikali hawalipi kabisa. Usajili huchukua wiki kadhaa, na kabla haujakamilika hati haifanyi kazi.

Kama mzazi ameshaambiwa ana ugonjwa wa kusahau, msikate tamaa. Kinachoangaliwa ni kama anaelewa hati siku anayotia sahihi. Mthibitishaji akiwa daktari, itasaidia baadaye pakitokea mabishano.

Hati ikirudi, ipelekeni benki mapema. Kwa kiwanja kilichoko Tanga au Mombasa msiitegemee: tafuteni wakili wa kule aandae hati ya kule, mama akiwa bado anaweza kutia sahihi.