Unauza gari au laptop mtandaoni ukiwa Marekani? Hundi ikiingia, usikabidhi mali

Kama uko Marekani na unataka kuuza gari, kamera, laptop au kitu chochote cha maelfu ya dola kupitia Facebook Marketplace au Craigslist, shika hili kabla ya mengine yote: hundi ikisoma kwenye akaunti yako, bado hujalipwa. Hata karani wa benki akikuambia fedha zipo, bado hujalipwa. Hata ukizitoa na kuzihesabu mkononi, bado.

Nyumbani tumelelewa na pesa ya simu. Mtu akinunua pikipiki yako anatuma, ujumbe unaingia, huuamini, unaangalia salio kwanza, na salio likisoma unampa funguo. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zimetufundisha kwamba ujumbe unaweza kuwa wa uongo lakini salio halidanganyi. Sasa kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumaliza huku, maana kwenye hundi salio linadanganya, na linadanganya kwa idhini ya sheria.

Mimi niliuza Corolla kwa mtu aliyesema anamnunulia binti yake anayeanza chuo. Alilipa kwa hundi ya benki, ile ambayo benki yenyewe ndiyo inayoidhamini, tofauti na zile anazochana mtu kwenye kitabu chake. Karatasi nzito, nembo, saini, kila kitu mahali pake. Niliipeleka kaunta mwenyewe. Siku ya kazi iliyofuata salio likasoma kiasi kamili. Nikapiga simu benki, dada aliyepokea akaniambia kwa upole kabisa kwamba fedha zipo na naweza kuzitumia. Nikasaini kadi ya gari, gari likaondoka. Wiki kadhaa baadaye benki ikachomoa fedha zote, ikakata na tozo ya hundi iliyorudi, na kodi ya nyumba ikakwama. Nilipokwenda kuuliza mbona mlisema zipo, meneja akageuza kioo cha kompyuta nione. Ilikuwa picha ya hundi ileile, imepigwa alama kwamba akaunti haijulikani. Akaniambia walichonithibitishia ni kwamba naweza kuzitumia, hawakusema hundi ni halali. Kisheria yuko sahihi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1987. Benki za huku zilikuwa zikikalia hundi za wateja kwa muda mrefu, Bunge likaziwekea mipaka. Ukiweka hundi ya benki kaunta wewe mwenyewe, kwa kawaida benki inatakiwa kukuachia fedha siku ya kazi inayofuata. Nia ilikuwa njema. Lakini kukuachia fedha ni hatua moja, na kugundulika kwamba hundi ni ya kughushi ni hatua nyingine ambayo inaweza kuchukua wiki. Tapeli anaujua muda huo vizuri kuliko wewe na mimi. Anachohitaji ni wewe ukabidhi mali kabla haujaisha. Na hundi ikirudi, deni ni lako. Benki haimfuati yeye, inakufuata wewe mwenye akaunti.

Narudia kwa sababu nimewaona wasomi, watu wenye shahada zao, wakibisha: usikabidhi gari kwa sababu salio limesoma. Usikabidhi kwa sababu mtu wa benki amesema fedha zipo. Usikabidhi kwa sababu mnunuzi ana familia na anaongea vizuri.

Mtego huu una ndugu yake. Hundi inakuja ikiwa na kiasi kilichozidi bei. Unauza kamera kwa dola 2,000, hundi inasoma 2,900, na mnunuzi anakuomba zile 900 umtumie msafirishaji wake kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa papo hapo kupitia programu za benki za huku. Hakuna msafirishaji. Zile 900 zinatoka kwenye fedha zako halisi, na hundi itarudi. Mtu yeyote akikulipa zaidi kisha akaomba chenji, mwisho wa mazungumzo.

Zipo njia ninazozikubali. Ya kwanza, kutaneni kwenye tawi la benki ya mnunuzi, saa za kazi, na hundi ichapishwe na karani mbele ya macho yako. Asiwe amekuja nayo kwenye bahasha. Ikiwa haiwezekani, piga simu benki iliyotoa hundi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao. Usiitumie namba iliyochapishwa kwenye hundi, hiyo anaweza kupokea mwenzake. Ya pili, pesa taslimu, mkiwa ndani ya benki yako, zihesabiwe na kuwekwa hapohapo. Zikizidi dola 10,000 benki itajaza fomu ya serikali, ni jambo la kawaida, waache wajaze. Usizigawe mafungu mafungu ili kuikwepa fomu hiyo. Kuzigawa kwa nia hiyo ni kosa la jinai hata kama fedha ni halali kabisa, na mtu mwenye visa au anayesubiri uraia hana nafasi ya kuchezea hapo. Ya tatu, uhamisho wa waya wa benki kwa benki, lakini uulize benki yako kama kilichoingia kweli ni waya. Tapeli akiwa na namba ya akaunti yako anaweza kuweka humo hundi feki na kukuambia ametuma waya. Uliza wazi: hii ni waya au ni hundi?

Hati za fedha za posta nazo wanazighushi. Ile halali ya ndani ya nchi haivuki dola 1,000 kwa kipande. Ukiletewa moja ya dola 1,800, ni feki, huna haja ya kuichunguza. Iliyo chini ya hapo inue kwenye mwanga: lazima uone sura ya Benjamin Franklin ikijirudia ndani ya karatasi, na uzi mweusi wenye maandishi madogo ya USPS. Kisha ikabadilishe posta kabla hujatoa mzigo.

Zelle ina hila yake. Inakuja barua pepe kwamba malipo yamekwama mpaka akaunti yako iwe ya biashara, eti mnunuzi ameongeza dola 300 na sasa umrudishie. Barua hiyo imeandikwa na mnunuzi. Fungua programu ya benki yako mwenyewe, kama fedha hazimo, hazimo. Na mtu akikuomba umsomee namba za siri za tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "ili ajue wewe ni mtu wa kweli", usimpe. Anafungua namba ya Google Voice, yaani namba ya simu ya mtandaoni, kwa kutumia simu yako, ili akatapeli wengine kwayo.

Hasara haiishii kwenye fedha. Akaunti ikibaki na deni na benki ikaifunga, jina lako linaweza kupelekwa ChexSystems, kampuni inayowatunzia mabenki kumbukumbu za wateja wenye matatizo ya akaunti, na taarifa hukaa huko miaka 5. Benki nyingi huangalia humo kabla ya kukufungulia akaunti nyingine. Mshahara utaupokelea wapi?

Sasa niwaseme kidogo ndugu zetu wa nyumbani, kwa heshima. Shemeji anatuma picha ya MacBook mpya kwa nusu ya bei, ameikuta kwenye ukurasa fulani, anasema muuzaji yuko huko huko kwenu, mlipe tu kwa Zelle mimi nitakurudishia. Ukikataa unaambiwa umebadilika, Ulaya imekuingia, wakati hata Ulaya si huku. Shemeji, bei hiyo haipo. Anayeuza kitu kipya kwa nusu ya bei, au hana hicho kitu, au amekiiba. Na fedha niliyoituma kwa Zelle kwa kidole changu mwenyewe, benki kwa kawaida hairudishi. Sheria inamlinda mtu aliyeibiwa kwenye akaunti bila idhini yake, na mimi nimetoa idhini. Tusiwalipie ndugu vitu ambavyo hatujavishika.

Ukinunua kwa ajili yako, lipa kwa kadi ya mkopo. Tangu mwaka 1974 sheria inakupa haki ya kupinga malipo kwa kitu ambacho hakikufika, ukiandika ndani ya siku 60 tangu utumiwe taarifa ya akaunti yenye malipo hayo. PayPal tumia njia ya bidhaa, kamwe usitumie ile ya ndugu na marafiki, na ujue kwamba ulinzi wao haugusi magari. Muuzaji wa gari la Facebook akikuambia eBay itashikilia fedha mpaka gari lifike, ni tapeli, eBay hailindi kisichouzwa kwake. Gari likague kama unavyolikagua nyumbani, kisha linganisha zile herufi na tarakimu 17 za VIN, namba ya utambulisho wa gari, kwenye dashibodi, mlangoni na kwenye kadi, uziingize bure kwenye VINCheck, ukurasa wa NICB, shirika la bima la kupambana na wizi wa magari, na jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha aliyesimama mbele yako. Simu, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uikague kama imeripotiwa kuibwa.

Kuna kitu nimekiona kwa Wamarekani ambacho kinanisumbua. Sisi tunauziana gari mbele ya mashahidi, mwanasheria akagonga muhuri, na ndugu wa pande zote wanajua. Huku watu wawili wasiojuana wanakabidhiana mali ya dola 12,000 kwenye maegesho ya duka kubwa, wanatabasamu, wanaachana. Wanaiamini karatasi kuliko mtu. Na karatasi ikigeuka kuwa ya uongo, kila unayemwendea anakuonea huruma kwa dhati na kukuambia si idara yake. Nadhani benki zingebanwa zibebe sehemu ya hasara, zingejifunza kusema ukweli kaunta. Uingereza wamejaribu kwa uhamisho wa fedha: tangu Oktoba 2024 benki zinalazimika kumrudishia aliyelaghaiwa hadi pauni 85,000. Marekani bado mzigo ni wa mteja.

Jambo moja jema lao liige. Vituo vingi vya polisi vina sehemu iliyotengwa ya kukabidhiana bidhaa, yenye taa na kamera. Najua sisi kituo cha polisi tunakipita mbali. Huku pendekeza mkutane hapo, na hakuna muuzaji wa kweli atakayekasirika. Atakayekataa, mwache. Ukishauza gari, wasilisha taarifa ya mauzo kwenye ofisi ya magari ya jimbo lako siku hiyohiyo.

Ukiwa umeshapigwa, nenda benki kwanza, saa hiyohiyo, kisha polisi, kisha jaza ReportFraud.ftc.gov ya FTC, tume ya serikali inayolinda watumiaji, na IC3.gov ya FBI. Chukua namba ya ripoti, benki itaiomba. Usinyamaze kwa aibu ya kusemwa kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, kunyamaza kwetu kunamfanya tapeli ahamie kwa Mtanzania au Mkenya wa mtaa wa pili na picha zilezile. Na wiki chache baadaye atakupigia mtu mwingine, anajua kiasi ulichopoteza na jina la benki yako, anasema yeye ni wa FBI na fedha zako zimepatikana, lipia ada tu ya kuzifungua. FBI na FTC hawatozi ada ya kurudisha fedha. Huyo amenunua jina lako kwa yule wa kwanza, au ni yuleyule.