Kuzunguka Ziwa Victoria kwa basi kutoka Kampala

Njia ni hii: Kampala, Mutukula, Bukoba, Mwanza, Sirari (mpakani mwa Tanzania na Kenya), Kisumu, Busia, kisha nyumbani. Anzeni na Tanzania. Huko safari ni ndefu na mabasi mengi huondoka alfajiri, kwa hiyo zimalizeni mkiwa bado na nguvu na pesa. Kisumu hadi Busia ni matatu tu, hata aliyechoka atafika.

Kitambulisho cha taifa kinamvusha Mganda kuingia Kenya, lakini Tanzania hakitoshi. Kila mmoja awe na pasipoti na cheti cha homa ya manjano. Chanjo huanza kutambuliwa baada ya siku 10, hivyo kuchanjwa jana yake ni kazi bure. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani: Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.

Makundi mengi huvurugikiwa mpakani. Mutukula na Busia, mihuri ya kutoka na kuingia hugongwa katika jengo moja, upande wa nchi mnayoingia. Kabla ya kushuka shikeni namba ya basi, mwambieni konda mko wangapi, na kila mtu abebe pasipoti na pesa zake mwilini, si kwenye begi lililo kwenye buti. Kisha kagueni mihuri yote miwili papo hapo. Aliyepitishwa na bodaboda bila muhuri hatajua shida yake mpaka afike Sirari, na wenzake wote watamsubiri.

Shilingi ni tatu na thamani yake ni mbalimbali: moja ya Kenya huzidi 25 za Uganda, ya Tanzania haifiki hata mbili. Pigeni hesabu kwenye simu kwanza, pokeeni noti za mbadilishaji, mzihesabu, ndipo mtoe zenu. Zikishahesabiwa, asizishike tena "kuzipanga vizuri". Za Tanzania zimalizeni Sirari.

Tiketi iliyoandikwa 06:00 maana yake saa 12 asubuhi. Fikeni nusu saa kabla. Bukoba–Mwanza tengeni siku nzima, ingawa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, limeondoa foleni ya kivuko. Mkitoka Mwanza kaeni kulia: baada ya Lamadi, Serengeti iko upande huo. Jua la asubuhi nalo liko huko huko, kwa hiyo kofia.

Busia ondokeni kabla ya saa 6 mchana, la sivyo jam ya jioni itawakamata Mukono.