Kutunza shamba la kale Unguja: maji, miembe na kuta za chokaa, hatua kwa hatua

Anayekwenda Maruhubi hupiga picha za nguzo za kasri la Sultani Barghash, lililoungua mwaka 1899, kisha huondoka. Mabirika na mabaki ya mfereji wa maji ulioinuliwa juu ya nguzo hayaangalii. Mtoni, alipoishi Sultani Seyyid Said, na Kidichi, penye hamamu (bafu) ya mwaka 1850, hali ni hiyohiyo. Shamba la kale ni mpangilio: maji yanaingia wapi, miembe imesimama kwa mstari gani, ukuta unaziba upepo wa upande upi. Mpangilio huo ndio unaohifadhiwa, na huharibika kirahisi kuliko jengo.

Kabla ya lolote, pata kibali cha idara inayohusika na mambo ya kale. Kufyeka tu kunaweza kuvuruga mabaki yaliyo juu ya ardhi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufyeka

Piga mstari mmoja wa msingi kwa kamba na vigingi, kisha pima kila mti, ukingo na kisima kutoka kwenye mstari huo kwa utepe. GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa, na mita tatu zinatosha kukufanya usitambue kwamba miembe sita ilikuwa safu moja. Vichakani tembea na fimbo ndefu ukigonga mbele yako, maana visima visivyo na mfuniko viko humo.

Rudi mvua ya masika ikinyesha, uchore maji yanapopita na yanapotuama. Ramani ya kiangazi peke yake hudanganya. Waulize wazee wa mtaa majina ya vipande vya shamba. Jina mara nyingi hueleza palikuwa na nini.

Hatua ya 2: Fungua maji kuanzia chini

Zibua kwanza tundu la kutolea maji, kisha panda juu kuelekea kwenye chanzo. Ukianzia juu, maji yote yatakwama mahali pasipo na njia.

Birika lililojaa tope usilikaushe kwa siku moja. Udongo ulioloa nyuma ya ukuta unasukuma kwa ndani, na maji yaliyomo ndiyo yanayouzuia. Ukiyatoa ghafla, ukuta unapasuka au unaanguka. Punguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukikaribia sakafu weka koleo kando, tumia mwiko na ndoo, usije ukaing'oa lipu ya zamani.

Hatua ya 3: Miembe mikongwe

Pima mzunguko wa shina kwenye kimo cha mita 1.3, gawa kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 12. Shina la mzunguko wa sentimita 251 lina kipenyo cha sentimita 80, kwa hiyo mizizi yake ilindwe kwa umbali wa mita 9.6 kila upande. Ndani ya duara hilo hakuna mtaro, kifusi, wala gari la wageni. Magari ndiyo muuaji mkubwa hapa: udongo ukishindiliwa mizizi hukosa hewa, na mti huanza kukauka kutoka kileleni miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka yale maegesho.

Tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha sentimita 30 wazi kuzunguka shina. Yakigusa gome huleta uozo na mchwa.

Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza msumeno kwa chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Pili kwa juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchana gome. Tatu ondoa kisiki kilichobaki, ukiacha ule uvimbe ulio kwenye maungio. Mti huziba jeraha kutokea hapo. Usipake rangi wala lami, kwani hufungia unyevu ndani.

Hatua ya 4: Kuta

Saruji marufuku. Mawe ya matumbawe ni laini na hupumua. Saruji huzuia unyevu usitoke, chumvi hujikusanya ndani ya jiwe, na uso wake hubanduka.

Tumia chokaa iliyozimwa na kulowekwa kwa miezi mitatu hivi. Wakati wa kuzima, tia chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa: huchemka na kuruka machoni, kwa hiyo vaa miwani. Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa shimo. Mchanga wa pwani unaleta chumvi ileile unayoikimbia. Lowesha ukuta, paka tabaka lisilozidi milimita 10, kisha funika kwa magunia mabichi kwa wiki moja. Likikauka haraka hugeuka unga.

Mkuyu ulioota ukutani usiung'oe, utatoka na mawe. Ukate chini, urudie kukata machipukizi mpaka mizizi ife, ndipo uzibe nyufa.

Hatua ya 5: Kizazi kinachofuata

Embe za zamani ziendelezwe kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti) cha mti wa zamani kwenye mche. Chagua vikonyo vya unene wa penseli, ondoa majani siku 7 hadi 10 kabla ya kuvikata, kisha ubebeshe juu ya mche wa miezi 6 hadi 12. Mwembe ukifa, mche mpya usiende kwenye shimo lilelile lenye mizizi inayooza. Usogeze mita mbili, lakini ndani ya mstari uleule.

Mikarafuu ina habari yake. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, hivyo safu unayoiona huenda ilipandwa baada ya hapo. Usiiite ya enzi za Seyyid Said bila ushahidi. Mbegu zake hazihifadhiki: okota mpeta (tunda la mkarafuu) ulioiva, loweka usiku kucha, menya, panda mara moja kitaluni chini ya kivuli. Mche uhamishwe ukiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili, masika yakianza, na ukingwe jua kwa makuti.

Miche izungushiwe uzio wa kuzuia mbuzi siku hiyohiyo ya kupanda.